Uzi wa wachoraji wa njiani: skechi za dakika mbili msituni, leteni zenu tujifunze

MchoraNjiani

Wakuu, salaam.

Humu wapenda misitu ni wengi, lakini karibu kila uzi unaishia kwenye picha za simu. Naomba tuwe na uzi mmoja wa kitu kingine: kuchora haraka, kwa penseli au peni, wakati wa matembezi ya kila siku msituni. Simaanishi mchoro wa kutundika sebuleni. Unasimama njiani dakika mbili, zikizidi sana tano, unachora ulichokiona, unafunga daftari, unaendelea na safari yako.

Niko Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza. Njia yangu ya kwenda kazini inapita msituni na jioni narudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa asiyepajua: Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na ina zaidi ya hekta 8,000. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ipo mpaka leo, na ndani yake kuna miti iliyoletwa kutoka nchi nyingi za joto. Ukitembea kilomita moja tu unaweza kupita chini ya mti ambao kwao ni Amerika ya Kusini, mbele kidogo ukakutana na mmea ambao haupatikani porini popote isipokuwa kwenye milima yetu hii.

Sasa msimamo wangu, na ndio ninaotaka tuujadili: kila skechi ibebe swali moja. Ukisimama mbele ya mti mkubwa ukasema unachora mti, utachora shina, utachora kishada cha majani juu yake, na utaondoka na yale yale uliyokuja nayo. Lakini ukijiuliza majani ya tawi hili yamekaaje, yanakabiliana mawili mawili au yanapishana, hapo mkono unapata kazi ya kufanya. Jibu likipatikana skechi imekwisha, hata kama robo tatu ya ukurasa ni nyeupe.

Nitoe mfano wa huku. Tuna msambu, kwa jina la kitaalamu Allanblackia stuhlmannii, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kula. Tuna pia Maesopsis eminii, mti ambao si wa asili ya milima hii. Ulipandwa, ukapapenda, na sasa unaziba kila pengo linalotokea msituni. Hondohondo wanakula matunda yake na kudondosha mbegu wanakopita, kwa hiyo unaenea wenyewe. Miche ya miti hii miwili, kwa mtu anayepita haraka, ni kijani tu. Chora tawi moja la kila mmoja. Msambu: majani yanakabiliana, ukingo wake laini, na jani likikatika linatoa utomvu. Maesopsis: ukingo una meno. Mkono ukishapita juu ya yale meno mara moja, hutahitaji mtu wa kukuonyesha tena.

Na ua la Usambara, sentpolia. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia hiyo. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani nzima, na huku linaota kwenye mawe yenye kivuli tunapopita. Nilipolichora niliuliza jambo moja tu: vile vichwa vya njano katikati ni vingapi? Ni viwili, vimeshikana. Kwa kutafuta hivyo nikaona kingine, kwamba petali tano hazilingani: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Nilikuwa na picha za simu za ua hili tangu zamani na sikuwahi kuhesabu.

Vifaa kwa ufupi. Mvua ya huku inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka na asubuhi nyingi kuna ukungu, kwa hiyo karatasi inakuwa na unyevu hata kama haijanyesha. Peni ya kawaida ina wino wa mafuta, haichuruziki ikinyeshewa, ila kwenye karatasi yenye unyevu inateleza bila kuandika. Peni ya jeli msituni achana nayo. Penseli ya 2B haijawahi kuniangusha. Daftari dogo lenye jalada gumu, limefungwa ndani ya kipande cha turubai. Kifutio sibebi. Mstari ukienda kombo nachora mwingine pembeni yake, na ile miwili inabaki kuonyesha jicho lilipojirekebisha.

Pembeni ya kila skechi naandika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na lile swali. Leteni zenu.

karura_asubuhi

Asante sana kwa uzi huu. Niko Nairobi, na msitu wangu ni Karura. Ni kama hekta 1,000 hivi, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na mnajua tulivyokaribia kuupoteza. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye lango lake walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa ardhi ile. Kila nikisimama na biro mkononi chini ya mti pale nakumbuka kwamba kuna watu walivuja damu ndipo mimi nikapata mahali pa kusimama.

Sasa swali langu. Majani nayaweza. Wanyama ndio wananishinda. Mbega anakaa vizuri, mimi naanza kichwa, naingia kwenye uso, ile nafika begani ameruka. Nina kurasa za vichwa vitupu. Wewe unafanyaje?

MchoraNjiani

@karura_asubuhi karibu sana. Usianze na kichwa. Anza na mgongo: mstari mmoja kutoka shingoni mpaka ncha ya mkia, sekunde tatu. Huo mstari ndio unaobeba uzito wa mnyama, unaonyesha amekaa, ameinama, au anataka kuruka. Kichwa ni duara dogo juu yake. Uso subiri.

La pili, chora wengi kwenye ukurasa mmoja. Mbega wa kwanza akisogea, usijaribu kummalizia kwa kumbukumbu. Muache alivyo, anza mwingine pembeni. Wanyama wana mikao michache wanayoirudia rudia. Yule aliyeinama kuchuma majani atainama tena baada ya dakika moja, yeye au mwenzake, na hapo unarudi kwenye ule mchoro wa kwanza kuongeza mkono. Ukurasa wenye mbega sita ambao hawajakamilika unakufundisha mbega anavyokaa kuliko mmoja aliyekamilika.

Na swali la kuanzia ninalopendekeza kwa mbega: weupe wake uko wapi? Weusi ujaze kwa kusugua penseli, weupe uache karatasi tupu. Wa huku kwetu ana nywele ndefu nyeupe zinazoning'inia mabegani, na mkia ni mweusi mpaka karibu na mwisho, ndipo weupe unaanza.

karura_asubuhi

Ngoja kidogo. Nimerudi leo nikiwa na swali hilo la weupe, na wangu si hivyo. Nimechora mgongo kwanza kama ulivyosema, watano kwenye ukurasa mmoja. Weupe wa hawa wa Karura unateremka ubavuni na kuzunguka mgongoni, nyuma unakutana. Na mkia mwisho wake ni manyoya mengi meupe, umefura. Siyo ncha tu.

Tumechora mnyama mmoja kweli?

MchoraNjiani

Hapana, na hii ndiyo sababu nikafungua uzi! Ni mbega wawili tofauti kabisa. Wa kwako ni Colobus guereza, mbega wa nyanda za juu. Wa kwangu ni Colobus angolensis. Wote weusi kwa weupe, na mtu akiwaona kwa haraka atasema mbega basi. Wewe umewatenganisha kwa biro, ukiwa Nairobi, bila kumwona wa kwangu hata siku moja.

Ongeza swali moja siku nyingine, ukipata wa karibu: kidole gumba. Jamii yote ya mbega haina gumba, au ana kinundu tu. Chora anavyoshika tawi. Vidole vinne vinapinda juu ya tawi na hakuna kinachokuja upande wa pili kukutana navyo.

karura_asubuhi

Sikulijua hilo la gumba. Na nyongeza kwa wasomaji: hawa mbega wa Karura waliletwa kutoka upande wa Kipipiri miaka ya 2010, baada ya msitu kukaa muda mrefu bila wao. Kwa hiyo wanaotembea pale leo wanawaona kwa sababu kuna watu waliwarudisha.

mdiani

Wa Diani hapa, Kwale. Hawa wetu wa pwani ni kama wa Amani, nywele nyeupe mabegani. Tunao mpaka juu ya mapaa ya nyumba. Nimetoka nje sasa hivi nikachora mikia minne. Weupe unaanza mwishoni mwa mkia, mwembamba, haukufura. Nimefurahi sana, nimeishi nao tangu utotoni na sikuwahi kuutazama mkia.

Mhifadhi Mstaafu

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, Tanga na Morogoro, na naomba niongeze machache.

La kwanza ni kuhusu jani. Wengi mnachora kitu mnachodhani ni jani kumbe ni kipande cha jani. Mnyasa, kwa mfano, ule mti mrefu wenye mizizi mipana iliyosimama shinani, una majani yaliyogawanyika vipande vidogo vidogo vingi sana. Utajuaje jani linaanzia wapi? Tafuta chipukizi. Pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi, kwenye kwapa lake, huwa kuna chipukizi kidogo. Chini ya vipande vya jani hakuna. Kwa hiyo kabla hujaanza kuchora, fuata kutoka ncha kurudi nyuma mpaka uone chipukizi. Hapo ndipo jani linapoanzia. Hii peke yake itawaondolea nusu ya makosa ya utambuzi.

La pili. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kuchuma wala kukwangua gamba bila kibali. Sisi tulifundishwa kukata gamba kidogo kuona rangi ya ndani na kunusa. Nyie msifanye. Tazameni chini: majani yaliyoanguka, matunda, maua yaliyopukutika. Mti mrefu wa mita 40 hutaona majani yake kwa macho, lakini nusu yake uko miguuni kwako. Ila hakikisheni yaliyoanguka ni ya mti huo, si ya jirani yake; tazama kama yapo mengi na mabichi kuzunguka shina.

La tatu, na hapa natofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Swali moja ni jambo jema, lakini kwa mti, mchoro wa kwanza uwe wa umbo zima, kutoka mbali. Shina limenyooka au limepinda, matawi yanaanzia wapi, mizizi ikoje. Mtu wa misitu anautambua mti mita mia mbali kwa umbo. Ukianzia kwenye jani utajua jani na hutaujua mti.

MchoraNjiani

Shikamoo mzee. Hilo la chipukizi nimelinakili kwenye jalada la ndani la daftari langu.

Kuhusu umbo zima, ndani ya msitu wetu huwezi kurudi nyuma mita mia. Ukirudi nyuma hatua kumi unakuta mti mwingine uko katikati. Labda kutokea upande wa mashamba ya chai, hapo ukingo wa msitu unaonekana wote. Na nikiwa pale nachora umbo kweli, ila bado nalibebesha swali: matawi ya kwanza yanaanzia sehemu gani ya urefu, nusu au theluthi ya juu? Bila swali, umbo zima linanirudisha kwenye kishada cha majani juu ya kijiti.

Mhifadhi Mstaafu

Marahaba. Kwa msitu mnene nakuelewa. Basi tumalize hivi: umbo uchorwe ukingoni, jani lichorwe ndani.

Nimalizie la nne nililolisahau. Rangi iandikwe pale pale. Mmea ukikaushwa kwa ajili ya hebariamu, yaani hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, unapoteza rangi ya ua, harufu, na urefu wa mti haujulikani. Ndiyo maana lebo ya sampuli huandikwa hayo yote siku ile ile. Hebariamu ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi sasa, ilianzia huko huko Amani na ikahamishwa mwaka 1950. Lebo zake za zamani zina maelezo mafupi ya namna hiyo, na ndiyo yanayomsaidia mtu leo. Pembeni ya skechi yako andika kama unaandikia lebo. Na ukiambiwa jina la mti kwa Kisambaa, liandike kama ulivyolisikia, pamoja na kijiji cha aliyekuambia. Jina hilo hilo linaweza kuwa la mti mwingine bonde la pili.

bintiPugu

Habari zenu. Mimi natembea Pugu, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, karibu na Dar. Nina mambo mawili, moja la furaha moja la kusikitisha.

La furaha: rangi. Natumia chai. Chai ya rangi iliyokolea sana, bila sukari, kwenye kichupa kidogo, na brashi moja. Sukari inanata na inaita sisimizi, ndiyo maana nasisitiza bila. Tabaka moja linatoa kahawia nyepesi, ukiacha likauke ukaweka la pili linakolea. Kwa magamba, majani makavu, vichuguu na udongo wa Pugu inatosha kabisa. Penseli haiondoki ukipitisha maji, kwa hiyo chora kwanza halafu paka chai juu.

Ila sikubaliani na kuacha mchoro nusu. Nikifika nyumbani naumalizia. Nyumbani ndiko ninakoona nilichokosa.

La kusikitisha: natamani kwenda peke yangu asubuhi na mapema kama nyie, na siendi. Mwanamke peke yake, amesimama, ameinamia daftari, hasikii anayekuja nyuma. Nakwenda na kundi au na mlinzi wa hifadhi, na wenzangu hawana subira ya dakika tano.

karura_asubuhi

@bintiPugu pole, hilo la usalama nalielewa kabisa. Karura ina lango na askari na watembezi wengi, hata hivyo mimi pia sitoki kwenye njia kuu nikiwa peke yangu. Kinachonisaidia: nasimama nikiegemeza mgongo kwenye shina pana, njia ikiwa mbele yangu. Na kundi likienda haraka, nachora kitu kimoja tu, kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, sekunde thelathini. Tawi moja. Kisha nawafuata. Wenzangu wa Jumamosi wameanza kunisubiri wenyewe siku hizi, wanataka kuona nimechora nini, na wawili sasa wana madaftari yao.

MchoraNjiani

Dada @bintiPugu, chai! Mimi naishi katikati ya mashamba ya chai na sikuwahi kuifikiria. Kesho naanza.

Kuhusu kumalizia nyumbani, hapa nitasimama imara. Ukiongeza mstari nyumbani, unaongeza unachodhani. Baada ya mwezi utafungua ukurasa na hutajua mstari upi uliuona na upi uliubuni. Meno ya jani, idadi ya petali, vidole, hivyo ndivyo mkono unavyovizua kwa urahisi zaidi, kwa sababu tayari una picha ya "jani" na ya "ua" kichwani. Pendekezo langu: nyumbani ongeza maneno tu. Andika "sikuona upande wa chini wa jani". Hilo ndilo swali la kesho, na mmea utakuwa pale pale. Faida kubwa ya matembezi ya kila siku ni hiyo, njia haihami.

bintiPugu

Nimekuelewa kwa sehemu. Basi nitafanya hivi: za nyumbani nitazipaka chai, za msituni ziwe penseli tupu. Rangi itanionyesha kipi kilichorwa wapi. Kumalizia siachi, mwenzio napata raha yake.

MchoraNjiani

Hiyo ni njia safi. Nimekubali.

Mwalimu wa Tano

Wakuu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tano, Korogwe vijijini. Nyuma ya shule tuna kipande cha msitu. Nataka kuwapeleka watoto lakini wako zaidi ya sitini na bajeti ya madaftari ya kuchorea haipo. Pia naogopa wataanza kushindana nani anachora vizuri, na wale ambao hawajiwezi kwenye kuchora watakaa pembeni. Nianzie wapi?

Mhifadhi Mstaafu

Mwalimu, karatasi ya manila moja ikatwe vipande kumi na sita, kila mtoto kipande kimoja na penseli yake ya darasani. Kadi ndogo inamwondolea mtoto hofu ya ukurasa mkubwa. Wagawe vikundi, kimoja kinatoka wengine wanabaki na kazi ya darasani, sitini kwa mpigo hutawamudu. Kabla hawajasimama, tembeza macho chini kuona siafu, na waonyeshe upupu ukingoni mwa msitu kabla hawajaugusa.

MchoraNjiani

Mwalimu, kwa watoto swali moja lina nguvu kuliko hata kwetu, kwa sababu linahamisha ushindani. Hupimi uzuri, unapima jibu. Anza na jongoo, wapo tele mvua zikianza na hawakimbii. Swali: kila pingili ya mwili wa jongoo ina jozi ngapi za miguu? Waachie wachore pingili tatu tu, kubwa, zijaze kadi. Atakayetazama kwa makini ataona jozi mbili kwa kila pingili, isipokuwa chache za mwanzoni. Tandu ana moja. Mtoto ambaye mistari yake imepinda lakini kaweka jozi mbili ndiye amefanya kazi.

Baada ya hapo nenda kwa kinyonga, mkimpata. Najua watoto wengi wamelelewa kumwogopa, na wengine watataka kumtupia mawe. Kumchora ni njia nzuri ya kuwaweka karibu naye bila kumgusa. Swali: vidole vyake vimegawanyika vipi? Viko katika mafungu mawili yanayobana kijiti. Mguu wa mbele, vitatu ndani na viwili nje. Wa nyuma kinyume chake, viwili ndani na vitatu nje. Huku Amani tuna Trioceros deremensis, aliyepewa jina kwa Derema hapa jirani, dume lake lina pembe tatu na jike hana. Kwa huyo swali linaweza kuwa jinsia.

Mwalimu wa Tano

Nimerudi kutoa mrejesho. Kikundi cha kwanza kimetoka leo, jongoo wawili, kadi kumi na nane. Kumi na moja waliweka jozi moja kwa pingili. Sikuwaambia kitu. Nikabandika kadi zote ubaoni, nikauliza mbona zinatofautiana. Wakaanza kubishana, mwishowe wakaomba turudi tukaangalie tena. Tukarudi, wakalala kifudifudi kumzunguka jongoo. Msichana mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani ndiye aliyewaonyesha wenzake kwa kijiti.

Kesho kikundi cha pili. Kuna mzazi kauliza kwa nini watoto wanachora wadudu badala ya kusoma. Nimempa zile kadi akazitazama mwenyewe.

mdiani

Mwalimu, hongera sana. Nimeisoma hii mara mbili.

Swali dogo kwa wote: ndege mnawachoraje? Hapa kwetu asubuhi kuna hondohondo wale weusi kwa weupe, nasikia mabawa kabla sijawaona, na nikiinua macho wamepita.

MchoraNjiani

Ndege anayeruka mchore akiwa amepita. Fumba macho kidogo, chora umbo lililobaki: mabawa mapana au membamba, mkia mrefu au mfupi, shingo imenyooka mbele au imekunjwa. Chini yake andika "kwa kumbukumbu", ili usije ukaiamini kupita kiasi. Ndege aliyetua, anza na mdomo na pembe ya mwili, yaani amesimama wima au amelala kufuata tawi. Hondohondo akitua, mtazame ile pembe juu ya mdomo. Kwa hondohondo mkubwa wa huku, dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa, jike ndogo zaidi. Wakitua wawili, wachore vichwa tu, kimoja juu ya kingine.

wa_Unguja

Assalaam aleikum. Nimechelewa kufika lakini nimesoma uzi wote. Mimi napita msitu wa Jozani, na sisi tuna kima punju, jamaa wa hao mbega wenu ambaye haishi porini kwengine isipokuwa visiwani kwetu. Mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kipajini, na wamezoea watu, wanakaa chini karibu na njia bila wasiwasi. Kwa mchoraji ni neema kubwa.

Baada ya kusoma habari ya gumba nimejaribu kuchora mkono wake. Tatizo wakila majani mkono unafichwa na majani yenyewe.

MchoraNjiani

Wa aleikum salaam. Kima punju! Nilikuwa nawasubiri watu wa Unguja. Hana gumba naye. Nimewahi kusoma kwamba wanakula mkaa, ni kweli?

wa_Unguja

Kweli kabisa, wale wanaoishi karibu na mashamba. Wanakula sana majani ya miembe na mikungu (ile miti ya kungu), ambayo yana vitu vya kuwadhuru tumbo, na mkaa unawasaidia. Wanaokota kipande cha mkaa kwenye tanuri la zamani wanakwenda nacho mtini.

Na umenipa jibu. Kipande cha mkaa ni kidogo, hakifichi mkono. Nitakwenda upande wa mashamba alasiri nikae nisubiri anayekula mkaa, nichore vidole tu vinavyokishika. Nikipata naweka hapa.